Nauli ya Asiyetaka Kwenda

Ipo nchi, na sisi raia wake tupo. Jina lake silitaji, si kwa uoga, la hasha. Nchi yenyewe inajijua, na anayejijua haitwi kwa kelele barabarani. Ina bendera, ina wimbo, ina mawaziri wa kutosha na wa akiba, na tangu mwaka ule wa neema ina Nauli ya Mwananchi. Hiyo ndiyo nataka kuwasimulia, maana mimi mwenyewe niliifaidi.

Tangazo lilitolewa na Mheshimiwa Waziri wa Anga, Mawingu na Mambo ya Juu. Nilikuwa nanyonyesha, redio iko dirishani.

"Ndugu wananchi!" alisema, na makofi yakapigwa kabla hajasema lolote, maana kwetu makofi hutangulia ili yasije yakasahaulika. "Kwa miaka mingi anga imekuwa ya matajiri na kunguru. Leo nasema, basi! Wataalamu wetu wamekaa hotelini wakiutafakari umaskini wenu, tena wamekaa hoteli nzuri, na chanzo chake wamekigundua. Ni kutaka! Kitu kikitakiwa sana, bei hupanda. Nyanya sokoni zinapanda kwa nini? Mnazitaka! Kwa hiyo kuanzia leo kila raia atalipa nauli ya ndege kwa kadiri ya hamu yake. Anayetaka sana kwenda, atalipa sana. Asiyetaka, atasafiri karibu bure. Punguzeni kutaka, ndugu zangu, na anga ni yenu!"

Makofi tena. Nikambusu mwanangu utosini nikamwambia, "Umesikia, mama? Tunakwenda kwa bibi yako."

Mwanangu wa kike namwita mama kwa sababu amebeba jina la mama yangu mzazi, Mwamvita. Wao wawili ni somo, yaani jina moja kichwani mwa watu wawili, na kwetu somo hawezi kukaa mbali na somo wake bila mmoja wao kupata mafua. Ila hawakuwa wameonana. Mama yuko Matongoro, mji mdogo upande wa pili wa nchi, na mimi nimeolewa huku kwenye makao makuu ya kila kitu.

Barabara ya kwenda Matongoro ipo, hilo mtu asilitilie shaka. Iko kwenye ramani na iko kwenye hotuba. Kilichopungua ni daraja. Mto ulilibeba wiki ileile lilipozinduliwa, na Wizara ilieleza vizuri kabisa kwamba mto haukuwa umealikwa kwenye uzinduzi. Basi sasa mabasi yanazungukia milimani, safari ya kulala njiani na kulala tena, na mtoto mchanga haiwezi.

Siku ileile mama alipiga simu.

"Sikudhani, somo yangu hajambo?"

"Hajambo, mama. Anakusalimu."

"Asinisalimu, aje. Daktari kaniambia hii presha ya macho haina cha kusubiri. Sasa hivi watu nawaona kama wako nyuma ya chandarua. Mvua za vuli zikifika, anasema, chandarua kitakuwa blanketi." Akacheka. Mama yangu hucheka pale ambapo wengine hukohoa. "Nataka nimwone uso, mwanangu. Nisije nikahadithiwa."

Vuli ilikuwa mlangoni. Niliweka simu chini, nikaichukua tena, nikaiweka. Kuanzia hapo sikutulia.

*

Serikali yetu sikivu ilikuwa imetengeneza programu ya simu ya kukatia tiketi. Nikaifungua, nikaandika Matongoro. Ikaleta bei ya kuku. Mimi nahesabu kwa mifugo kama nilivyolelewa, maana fedha yetu huamka na thamani moja ikalala na nyingine, lakini kuku ni kuku.

"Baba Mwamvita! Njoo uone maajabu!"

Mume wangu ni fundi wa feni na majokofu. Alikuja na bisibisi mkononi. Nikafungua upya nimwonyeshe. Ikawa mbuzi.

"Ndiyo maajabu haya?" akauliza.

"Ilikuwa kuku sasa hivi, haki ya Mungu!"

"Umeifanya nini?"

"Nimeiangalia tu."

"Umeiangalia mara ngapi?"

Kabla sijajibu, chini ya kioo yakatokea maandishi ya kijani, yenye adabu zote: *Raia anahangaika.*

Baba Mwamvita akasema ngoja, tutumie simu yangu, hii yako imeshakujua. Akaingia, akaandika. Programu ikafikiri kidogo, ikajibu: *Mume wa raia naye anahangaika.* Mbuzi akawa na mimba.

Tukazima simu zote mbili tukazifunika kwa kanga. Jioni, Baba Mwamvita akachungulia kwa jicho moja, kama mtu asiye na habari, akaona maelezo ya siku za nafuu. Siku za nafuu ni zile ambazo hakuna mwenye akili anayetaka kusafiri: Jumanne alfajiri, siku ya mvua ya mawe, na siku ya kuzaliwa ya Mkuu wa Nchi, ambapo sote tunatakiwa uwanjani kufurahi. Tukachagua Jumanne. Lakini bei ya mwisho, maelezo yakasema, huthibitishwa ana kwa ana katika Idara ya Kupima Hamu. Raia afike mwenyewe, akiwa na uso wake.

*

Idara ilikuwa na foleni ndefu na kimya cha ajabu. Kila mtu alikuwa akipiga miayo. Juu ya dirisha kulikuwa na ubao wa taa, ambamo bei ya kila raia anayehojiwa ilikuwa ikipanda na kushuka hadharani, ili pasiwe na siri kati ya dola na wananchi.

Dirishani alikaa Afisa Kazimoto, Mpima Hamu Daraja la Pili, mtu mnene mwenye sauti ya upole kama muuza sanda.

"Unakwenda?"

"Matongoro," nikasema, "ikibidi."

Ubao ukaonyesha kuku.

"Kufanya nini?"

"Hata sijui, afisa. Kubadilisha hewa."

Kuku yuleyule. Moyo ulikuwa unanipiga hadi mtoto mgongoni akawa anarukaruka. Afisa Kazimoto akamgeukia mwenzake, akacheka.

"Matongoro! Si lile vumbi lenye kituo cha polisi?"

Hapo ndipo nilipokosea. Sisi watu wa Matongoro tukitukanwa wenyewe tunavumilia, lakini mji wetu!

"Vumbi la wapi?" nikasema. "Una habari ya mihogo ya Matongoro wewe? Umewahi kunywa maji ya kisima cha Kwa Binti Hamadi? Meno yanalia!"

Mbuzi. Mbuzi wawili.

"Kumbe kuna mtu huko," akasema Afisa Kazimoto polepole.

"Hakuna."

Mwamvita, mgongoni, akacheka peke yake, akaupapasa mgongo wangu kwa viganja vyake vya moto.

"Kuna mama yangu," nikasema.

Ng'ombe.

"Ana macho, afisa, macho yake yana..."

Ng'ombe na ndama.

"Nyamaza, dada!" mtu akapiga kelele nyuma ya foleni. "Utanunua zizi zima!"

Afisa Kazimoto alizima ubao kwa huruma kabisa. "Dada yangu, una hamu kali. Sijawahi kuona ya namna hiyo tangu nihamishiwe hapa. Nenda nyumbani, ukapoe, urudi."

*

Nilikopoea ni darasani kwa Mwalimu Mkwizu.

Jengo nilikuwa nalijua, ndiko nilikosomea uhasibu wa jioni nikiwa na mimba. Sasa chumba kilekile kilikuwa na kibao kipya: MASOMO YA KUTOJALI, JIONI, VYETI HUTOLEWA. Mwalimu Mkwizu alikuwa amestaafu kutoka mapokezi ya wizara fulani kubwa. Maisha yake yote ya kazi alikaa mezani pale mlangoni, na hakuna raia hata mmoja aliyewahi kumwona akijali. Kwa ujuzi huo serikali haikuwa na la kumlipa ila saa ya ukutani. Sisi tulimlipa ada.

"Kutojali si kununa," alitufundisha. "Anayenuna anajali. Kutojali ni kama maji ya bomba: hayaji, na hayasemi kwa nini."

Tulijifunza kuangalia kucha. Tulijifunza kusema "sawa" bila kuweka kitu ndani yake. Mwalimu alikuwa akikujia ghafla anakwambia nyumba yako inaungua, nawe unatakiwa umuulize, "Ipi?"

"Dada Sikudhani," alinikemea, "uso wako unajitahidi, lakini mikono inasema. Mikono ikae kama imeazimwa na mwenyewe hajaja kuichukua."

Nikafanya mazoezi nyumbani. Baba Mwamvita alinishikia picha ya mama mbele ya uso, mimi napiga miayo. Mama mwenyewe akipiga simu, "Leo chandarua kimeongezeka, mwanangu, nimemsalimia mtungi nikidhani ni shangazi yako," mimi najibu, "Sawa." "Unaumwa?" anauliza. "Siumwi." Nikikata simu najifungia chooni.

Siku moja Mwamvita alilia, nikajikuta naangalia kucha kwanza. Kucha zangu, mtoto analia! Nilimnyakua, nikamkumbatia, nikamwomba radhi hadi akasinzia.

"Sikudhani," akasema mume wangu, amesimama mlangoni. "Hivi ukifika huko utakuwa bado mtu?"

"Nikifika nitajali kwa mkupuo," nikamwambia. "Naweka akiba."

Siku niliporudi Idarani, Afisa Kazimoto aliitukana Matongoro kwa ustadi mpya, akaitukana mihogo, akafika hadi kisima. Nikamwangalia kama anasoma bei ya misumari.

"Na ukiikosa safari hii?" akauliza mwishoni.

Nikapiga mwayo mrefu, wa kutoka tumboni. "Nitalala."

Ubao ukaonyesha kuku, ukashuka, ukaendelea kushuka, ukatua. Yai! Bei ya yai moja! Watu wa foleni walitamani kupiga makofi, wakajizuia, maana makofi nayo ni hamu.

*

Nauli ya yai ina masharti yake, na ni ya haki. Hairuhusu mizigo, kwa kuwa anayefunga mzigo ana nia. Basi Jumanne alfajiri nilifika uwanja wa ndege nimevaa doti zote za kanga nilizomnunulia mama, moja juu ya nyingine, na kilo ya sukari imekaa pale ambapo watu wangedhani ni mtoto wa pili.

Sikuwa peke yangu. Ukumbi ulijaa watu wanene wa ghafla. Mzee mmoja, Mzee Ndimbo, koti lake lilikuwa likitetea kidogo kama kuku, halafu likawika. Kijana mwingine aitwaye Mrisho alivaa suti nyeupe yenye ua kifuani.

"Kuna harusi huko?" nikamuuliza.

"Nasikia ipo," akasema akitazama dari. "Sijui ya nani."

Jasho lilikuwa likimtiririka hadi kwenye ua.

Tukakaa. Hakuna aliyeangalia saa, ila shingo zilikuwa zinauma kwa kutoangalia. Ndege tuliiona pale nje, ndogo, nyeupe, imeelekeza pua Matongoro. Kisha kipaza sauti kikakohoa.

"Abiria wa Matongoro, tunayo furaha kuwatangazia! Vipimo vya Idara vimethibitisha kwamba hakuna hata mmoja wenu anayetaka kwenda. Kwa kuwa serikali yenu hailazimishi mtu, tumewaondolea usumbufu. Ndege haitaruka leo, na njia ya Matongoro inafutwa kuanzia sasa kwa kukosa hamu ya wananchi. Asanteni kwa ushirikiano."

Wapendwa, mtuelewe. Kupinga hatuwezi, maana anayepinga anataka, na anayetaka bei yake inapanda papo hapo. Tulikaa na nyuso zetu za darasani.

"Afadhali," akasema Mzee Ndimbo. Koti lake likawika kwa uchungu.

"Afadhali kabisa," akasema Mrisho, sauti imekatika katikati kama uzi.

Akilini nilimwona mama amekaa sebuleni kwake na mvua za vuli zinagonga bati. Nikamwona Mwamvita anafikishwa mbele yake mwakani, na mama ananyoosha vidole apapase. Nikasimama. Miguu ilisimama yenyewe, sikuituma. Nikamwendea Afisa Kazimoto, ambaye Jumanne huhamishiwa mlangoni kule pamoja na ubao wake.

"Afisa, kwani haiwezekani kabisa? Nauliza tu. Kupitisha muda."

Alinitazama, akatazama pembeni. "Kanuni inasema ndege huruka akipatikana walau Mtakaji Rasmi mmoja. Huyo hupimwa mbele ya wote, ubao ufike juu mwisho, alipe nauli kamili. Wengine watabaki na bei zao."

"Nauli kamili ni nini?"

"Fahali," akasema. "Tena wa maonyesho."

Nilirudi kwenye kiti, nikaisimulia habari ile kwa dari, kwa sauti ya kusikika. Mzee Ndimbo akavua kofia yake akaiweka sakafuni.

"Hizi hela zinanielemea mfukoni," akasema, akazitumbukiza. "Daktari kanikataza vitu vizito."

"Na mimi naona zangu zimechakaa," akasema mama mmoja, akafungua fundo la kanga. "Za nini?"

Mrisho akatoa bahasha nene ya harusi, akaipima mkononi, akaiachia. "Imeniponyoka," akasema. Na kila mmoja akaponyokwa na alichonacho, bila kumtazama mwenziwe, hadi kofia ikawa na fahali ndani yake, na pembe juu.

Tukabaki kutafuta Mtakaji. "Mimi nikianza kusema sitanyamaza," Mrisho akanong'ona, "watanipeleka kwa vichaa badala ya kwa mke wangu." Mzee Ndimbo akanielekezea kidevu. "Mama mwenye mtoto. Twende, binti yangu. Sema."

Nikasimama mbele ya ubao. Afisa Kazimoto akauwasha, akajisafisha koo.

"Je, unataka kwenda Matongoro?"

"Ndiyo," nikasema. "Nataka sana."

Ubao: yai.

Nikarudia kwa nguvu. Yai. Sauti yangu ilikuwa kama maji ya bomba ya Mwalimu Mkwizu, hayaji wala hayasemi kwa nini. Nikajaribu kulia, nikapiga mwayo. Mwayo, jamani! Nyuma yangu nikasikia viti vinalalamika. Ndege nje, mtu mmoja akaanza kuifunika turubai. Nikahisi mikono yangu imening'inia kama ya kuazima, nikaitafuta, nikaipeleka mgongoni, nikamfungua Mwamvita kutoka kwenye mbeleko nikampakata. Alikuwa macho, ananitazama, anangoja.

"Sijui kusema," nikamwambia yeye, si afisa. "Bibi yako akikuona atasema pua ni ya kwao, mimi nitasema ni ya kwa babako, naye atanikatalia. Atakuinua kwenye mwanga akugeuze hivi na hivi. Nataka anikatalie. Akinikatalia akiwa haoni, mimi nitamkubalia tu, nitamkubalia kila kitu maisha yake yote, na yeye atajua kwa nini. Sitaki kumkubalia mama yangu. Nataka tugombane juu ya pua yako, leo, kukiwa bado na mwanga."

Sikuangalia ubao. Niliambiwa baadaye kwamba ulipita mbuzi bila kusalimia, ukapita ng'ombe, ukafika kwa fahali, na taa ya juu kabisa ikapasuka.

Nilichokiona ni Afisa Kazimoto ameinuka ghafla. "Nani analia huko nyuma? Anayelia apimwe upya!"

Nikageuka. Ukumbi mzima ulikuwa umekaa wima, wanatazama dari, wanapiga miayo, na mashavu yao yote yamelowa.

"Hakuna anayelia, afisa," akasema Mzee Ndimbo. "Ni vumbi."

"Vumbi gani? Ukumbi una vioo!"

"La Matongoro. Limekuja kutupokea."

Afisa Kazimoto aliukagua ukumbi kiti kwa kiti. Halafu akatoa leso, akafuta jicho moja, kisha la pili, akaandika huku akisoma kwa sauti ya kiserikali: "Abiria mmoja ana hamu. Waliobaki, pamoja na afisa husika, wana vumbi." Akagonga muhuri.

*

Sina la kusimulia juu ya angani. Kule juu nchi yetu haionekani kuwa na kosa lolote. Hata pale daraja lilipokuwa, panapendeza.

Uwanja wa Matongoro ni uzio wa waya na banda la bati, na nyuma ya uzio alisimama mama, kaletwa na simu ya Baba Mwamvita, ameshika waya kwa mikono miwili, amevaa gauni lake la Idi, shingo imetangulia. Nilianza kukimbia. Kanga zikaanza kufunguka moja moja njiani.

Sikujua kwamba serikali ilikuwa imeshafika kabla yangu. Kijana mmoja nadhifu, mwenye kitambulisho kifuani na ubao mdogo wa taa mkononi, alitoka kwenye banda akasimama katikati, kati ya uzio na mimi, mgongo kwangu, uso kwa mama yangu.

"Shikamoo, mama. Natoka Idara ya Kupima Hamu, kitengo kipya cha Wapokeaji. Kuna ada ndogo ya kupokea mgeni, kulingana na kiwango. Naomba unieleze: huyu anayekuja, unamtaka kiasi gani?"

Mama aliachia waya. Akanyoosha mkono kupitia mlango wa uzio, akampapasa yule kijana begani, akamshika, taratibu, kama mtu anayeondoa kiti njiani.

"Marahaba, baba," akasema. "Hebu sogea. Umenizibia."